Manju wa Ngoma za Asili: Anatoka Wapi, Anafundisha Vipi na Ujuzi Wake Unarithishwaje

Na Mwandishi Wetu

Kila panapofanyika sherehe ya kitaifa, uzinduzi wa mradi au mapokezi ya Mwenge wa Uhuru, kikundi cha ngoma za asili huwa miongoni mwa wa kwanza kufika uwanjani. Macho ya watazamaji huenda moja kwa moja kwa wachezaji: njuga miguuni, mavazi ya rangi, jembe linalorushwa hewani na kudakwa bila kuangaliwa. Ni wachache wanaomtazama kwa makini mtu mmoja ambaye mara nyingi ndiye mwenye umri mkubwa kuliko wenzake, asiyeruka sana, aliyeshika usinga au filimbi na kusimama pembeni kidogo ya wapigaji. Huyo akipaza sauti, wote hupokea. Akinyoosha mkono, mstari hugeuka. Huyo ndiye manju.

Makala haya yanaeleza kazi ya manju, mahali anapopata ujuzi wake na namna anavyouhamishia kwa wengine. Suala hili lina uzito kwa sababu ngoma inaweza kuendelea kuchezwa kwa miaka mingi, hatua zake zikiwa kamili kabisa, ilhali ujuzi wa kuiongoza umekwisha kutoweka. Hali hiyo haionekani kwa urahisi kwa mtazamaji wa kawaida, na ndiyo inayofanya iwe ya hatari.

Kamusi za Kiswahili humweleza manju kwa maana mbili zinazokwenda pamoja: bingwa wa kutunga na kuimba nyimbo, na kiongozi wa ngoma. Maana hizo hazikuunganishwa kwa bahati. Katika jamii nyingi za nchi yetu, anayetunga ndiye anayeongoza, na anayeongoza ndiye anayefundisha. Wasukuma humwita ningi, na kwa wingi baningi. Katika mafunzo ya wasichana ya unyago, sehemu kubwa ya kazi hiyo hushikwa na kungwi au somo, ambaye huimba, hupiga ngoma na kufunda kwa wakati mmoja.

Kazi ya manju uwanjani

Ngoma nyingi za Tanzania hujengwa juu ya kuanzisha na kuitikia. Manju hutoa mstari, kundi hurudisha kiitikio. Kwa msikilizaji wa nje huo ni wimbo tu, lakini kwa mchezaji ni zaidi ya hapo. Amri za kubadili mchezo huingizwa ndani ya wimbo, au hutolewa kwa filimbi, au kwa mpigo maalumu wa ngoma kuu. Wapigaji wa ngoma ndogo, kama chapuo, hushikilia mdundo usiobadilika, na mpigaji wa ngoma kuu ndiye mwenye uhuru wa kuzungumza. Manju na mpigaji huyo hufanya kazi kama watu wawili waliobeba mzigo mmoja: hawasemeshani, lakini kila mmoja anajua mwenzake anaelekea wapi.

Ugumu wa kazi hii umo katika wakati. Mchezaji hawezi kubadili hatua katikati ya mzunguko wa mdundo. Hubadili mzunguko unapofunga. Kwa hiyo ishara lazima itolewe kabla, ili sikio lisikie, akili ielewe na mguu uwe tayari. Ishara ikichelewa kidogo tu, nusu ya mstari hugeuka na nusu hubaki. Ikiwahi mno, wachezaji husahau au huanza mapema. Manju mzuri anaishi mbele kidogo ya ngoma yake: wakati wengine wanacheza hatua ya sasa, yeye ameshafika katika hatua ijayo na anawaita waje.

Ustadi huu si wa Afrika pekee. Katika ngoma ya mraba ya Marekani, jozi nne za wachezaji hupangwa katika mraba, na mtu mmoja hutamka hatua inayofuata huku muziki ukiendelea. Naye hulazimika kutamka kabla mpigo wa hatua hiyo haujafika. Manju wa kwetu ana sharti la ziada: mara nyingi amri yake imo ndani ya wimbo alioutunga mwenyewe, wenye maana kamili kwa wanaotazama. Mstari mmoja unapaswa kumfurahisha mgeni aliyeketi jukwaani na kumwambia mchezaji wa mwisho kwamba sasa ni wakati wa kupiga magoti.

Hapo ndipo kazi ya utunzi inapoingia. Manju wa jadi hakuwa na orodha ya nyimbo za kudumu. Alitunga kuhusu mavuno, ukame, ndoa, kiongozi mpya, jirani mwenye kiburi, bei ya pamba. Katika ngoma ya kibati ya Pemba, waimbaji hujibizana papo kwa papo, kwa kasi kubwa, juu ya mdundo wa haraka, kisha kundi huingia na kiitikio. Anayefanya hivyo hana nafasi ya kutafuta neno. Ni lazima awe na akiba ya lugha kubwa kuliko ya watu wa kawaida, na ni lazima awe anajua yanayotokea katika jamii yake wiki hiyo hiyo.

Shule ya mashindano: mfano wa Usukumani

Hakuna mahali ambapo kazi hii ilijengewa utaratibu imara kama Usukumani. Wachezaji wa ngoma wa huko wamegawanyika kwa muda mrefu katika pande mbili, Bagalu na Bagika. Kwa mujibu wa simulizi za Wasukuma, asili ya pande hizo ni mabingwa wawili wa karne ya 19, Gumha na Ngika, waliokuwa wakishindana kwa ngoma na kwa dawa za kuvuta watu. Wafuasi wa Gumha wakawa Bagalu, wa Ngika wakawa Bagika, na hadi leo mchezaji akiulizwa ni wa upande gani hahitaji kufikiri.

Mashindano yalifanyika baada ya mavuno, katika miezi ya kiangazi ambapo ghala lina nafaka na mikono ina nafasi. Vikundi viwili vilicheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja na ningi wake. Hapakuwa na jopo la majaji wala karatasi ya alama. Watazamaji walikuwa huru kutembea, na kundi lililokusanya watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Mtu anaweza kuuona utaratibu huo kuwa mwepesi, lakini kwa ningi ulikuwa mtihani mkali kuliko wowote unaoweza kuandikwa. Aliona kwa macho yake watu wakiondoka upande wake. Alipaswa kutambua papo hapo kilichowachosha, kubadili wimbo, kumwita mchezaji hodari mbele, kuleta kichekesho, au hata kumtoa nyoka kwenye kikapu ikiwa kikundi chake kilikuwa cha Bayeye, wale wacheza na nyoka. Uwezo wa kusoma umati, ambao leo hufundishwa katika kozi za uongozi wa jukwaa, kwake ulikuwa suala la kuendelea au kuacha kazi.

Ningi hakuwa mwimbaji tu. Aliwatafuta wachezaji, aliwalea, aliwapatanisha walipogombana, na alihakikisha wanakula wakati wa safari za mashindano. Kijana aliyetaka kuwa ningi alijiweka chini ya mkubwa wake kwa muda, akabeba mizigo, akaitikia nyimbo, akajifunza dawa na miiko, na baadaye sana ndipo akaruhusiwa kuanzisha wimbo. Kwa hiyo, alipopata kundi lake, alikuwa amekwisha kuiona kazi hiyo katika kila nafasi, kuanzia mstari wa nyuma.

Asili nyingine ya baningi ni shambani. Bugobogobo, ngoma ya jembe ambayo Watanzania wengi wameiona katika sherehe za kitaifa, inatokana na vikundi vya kulima kwa ushirika. Mdundo ulipanga kasi ya majembe, na wimbo ulisahaulisha jua. Kiongozi wa kazi hiyo alihitaji kuwa mkulima kwanza, kwa sababu aliyeharakisha mdundo bila kujua ugumu wa udongo aliwachosha watu kabla ya saa nne asubuhi. Mtafiti Frank Gunderson alikusanya na kuchambua nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kilichochapishwa mwaka 2010, na kazi hiyo inaonesha jinsi nyimbo za jembe zilivyobeba historia ya eneo zima.

Anayetaka kuona kumbukumbu za mila hii kwa macho anaweza kufika Makumbusho ya Bujora, Kisesa, karibu na Jiji la Mwanza, yaliyoanzishwa kwa juhudi za Padri David Clement, Mmisionari kutoka Kanada, na wazee wa Kisukuma. Ngoma za kale na historia ya Bagalu na Bagika vimehifadhiwa hapo, na sherehe ya Bulabo, inayofanyika katika kipindi cha sikukuu ya Ekaristi, huwakutanisha vikundi vya pande zote mbili.

Njia nyingine za kuufikia umanju

Si kila manju alitoka katika mashindano. Ngoma ya beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 ikiiga bendi za kijeshi, kisha ikaenea bara, hasa pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ndani yake mlikuwa na vyeo kama vya jeshi, kuanzia mfalme na jenerali hadi daktari. Mganda, maarufu katika mwambao wa Ziwa Nyasa, una mwelekeo huo huo wa gwaride. Viongozi wa ngoma hizo walifundisha kwa nidhamu ya kambi: mistari iliyonyooka, mgeuko wa pamoja, ishara fupi isiyojadiliwa. Mtindo huo ni tofauti sana na wa kungwi, ambaye hufundisha kwa mafumbo na kwa kurudia usiku baada ya usiku.

Wanawake wamekuwa manju tangu zamani, ingawa vitabu vingi vya awali havikuwapa nafasi. Miongoni mwa Wagogo, wanawake ndio wapigaji wa ngoma za muheme, wakizibana kwa mapaja na kuongoza mchezo mzima. Zanzibar, Bi Kidude, jina lake kamili Fatuma binti Baraka, aliyefariki dunia Aprili 2013, alijulikana ulimwenguni kwa taarabu, lakini watu wa kwao walimjua pia kama mwalimu wa unyago na mpigaji hodari wa msondo.

Mfano wenye uzito wa kipekee katika historia ya Taifa ni wa Bibi Titi Mohamed. Kabla ya kuongoza tawi la wanawake la TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma jijini Dar es Salaam kilichoitwa Bomba. Mwanahistoria Susan Geiger, aliyewahoji wanawake wa TANU, ameonesha kwamba mitandao ya vikundi vya ngoma ndiyo iliyosaidia kuwaingiza wanawake wengi katika chama kwa kasi ambayo viongozi wanaume hawakuitarajia. Ukitafakari, si ajabu. Mtu aliyezoea kupaza sauti ili mamia waitikie, aliyezoea kukumbuka nani hakuja mazoezini na kwa nini, tayari alikuwa mratibu wa watu. Siasa ilimkuta akiwa na ujuzi huo mkononi.

Namna manju anavyofundisha

Ufundishaji wa jadi hauanzi na maelezo. Mtoto huanza pembezoni mwa duara, akipiga makofi na kuitikia. Anaposhika kiitikio, mdundo huwa umeshaingia mwilini bila yeye kujua. Baadaye huwekwa mstarini katikati ya wachezaji wawili hodari, bega kwa bega, ili mwili wake uvutwe na miili yao. Hahesabiwi moja hadi nane. Mipigo ya ngoma hutamkwa kwa mdomo, silabi kwa silabi, na mwanafunzi huitamka kabla hajaigusa ngozi ya ngoma. Akikosea, ngoma haisimami. Mzunguko utarudi baada ya muda mfupi, naye atapata nafasi nyingine. Kuna hekima ya ualimu hapo: kosa linasahihishwa na mdundo wenyewe, si kwa kumwaibisha mtu mbele ya wenzake. Hata hivyo, si manju wote wapole. Wapo waliotunga nyimbo za kuwakejeli wachezaji wavivu, na kejeli hizo zikadumu kuliko uvivu wenyewe.

Ujuzi mwingine wa manju ni kujua kisichopaswa kufundishwa. Ngoma za jando na unyago zina sehemu za wazi na sehemu za siri. Kungwi hutoa kila fundisho kwa umri wake na mbele ya wanaostahili. Ngoma ya namna hiyo ikitolewa mahali pake na kupelekwa jukwaani, mizani hiyo huyumba. Watafiti wamekuwa wakiitolea mfano sindimba ya Wamakonde, iliyopata umaarufu nchi nzima baada ya Uhuru: jukwaani, mzunguko wa kiuno ulibaki na kukuzwa, huku mafundisho yaliyoambatana nao yakiachwa kijijini. Watazamaji walifurahi, lakini wenye ngoma yao walikuwa na sababu ya kuuliza kilichobaki.

Kutoka uwanjani hadi darasani

Mwalimu Julius Nyerere, alipolihutubia Bunge Desemba 10, 1962 baada ya kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuanzishwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alieleza kwa masikitiko kwamba wasomi wengi walijua rumba, chachacha na hata waltz, lakini wachache waliweza kucheza, au hata walishawahi kusikia, gombesugu au lelemama. Kutokana na msimamo huo kiliundwa kikundi cha ngoma cha Taifa, kilichokusanya mabingwa kutoka mikoa mbalimbali, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa.

Uamuzi wa kuwaleta mabingwa wa vijijini katika taasisi za Taifa ulizaa aina mpya ya manju. Hukwe Zawose, Mgogo kutoka Dodoma, bingwa wa marimba na zeze, aliingia katika kikundi cha Taifa na baadaye kuwa mwalimu Bagamoyo. Hadi alipofariki dunia Desemba 2003, alikuwa amewafundisha vijana wasiokuwa Wagogo na waliokuwa hawajui neno la Kigogo. Hilo lilihitaji ustadi ambao baba zake hawakuuhitaji. Mtoto wa kijijini ameshausikia mdundo tangu akiwa mgongoni mwa mama. Kijana wa darasani anaanza patupu. Mwalimu hulazimika kuivunja ngoma vipande, kuhesabu, kupunguza kasi, kueleza kwa maneno kile ambacho mwili wake unakijua bila maneno. Ni kazi ngumu, na waliofanikiwa kuifanya wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa.

Faida yake iko wazi. Leo Mhaya anaweza kucheza sindimba na Mmakonde akacheza bugobogobo. Wahitimu wa Bagamoyo wanafundisha vikundi mijini na shuleni, na mashindano ya UMITASHUMTA yamewapa wanafunzi wa shule za msingi nafasi ya kucheza ngoma mbele ya hadhira.

Lakini kuna kitu ambacho darasa halikihamishi kwa urahisi. Mwanafunzi aliyejifunza bugobogobo kwa wiki sita anaijua hatua, anaujua mdundo, na ameukariri wimbo. Hawezi kutunga mstari mpya, kwa sababu hajui Kisukuma, hajui mafumbo yake, na hajui habari za watu wanaoimbwa. Wimbo uliokuwa ukibadilika kila msimu unaganda. Dakika kumi za jukwaa nazo hazimpi kiongozi nafasi ya kusoma umati, kwani hatua zote zimepangwa tangu mazoezini na duara limefunguliwa kuwa mistari inayomwelekea mgeni rasmi. Katika mapokezi mengine vikundi husubiri juani saa kadhaa, kisha huambiwa muda umebana na wacheze dakika tatu. Kwa dakika tatu, kikundi kinahitaji mtu wa kuanzisha na kumaliza tu. Hakihitaji manju.

Majirani zetu wameshaiona hatari hii na kuipeleka katika majukwaa ya kimataifa. Mwaka 2012, UNESCO iliingiza bigwala, muziki na ngoma ya tarumbeta za vibuyu ya Wasoga wa Uganda, katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Wakati huo walikuwa wamebaki mabingwa wazee 4 tu. Kwa kuwa kila kibuyu hutoa sauti moja na wimbo hukamilika kwa kupokezana, mtu mmoja hawezi kuubeba peke yake. Wanne wakipungua hadi wawili, wimbo umekwisha. Hatua zilizochukuliwa baadaye zilihusisha kuwafundisha vijana na hata kupanda upya vibuyu vinavyofaa kwa tarumbeta. Mwaka 2014 isukuti, ngoma ya jamii za Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, iliingia katika orodha hiyo hiyo. Sababu zilizotajwa ni pamoja na umri mkubwa wa wajuzi na uhaba wa warithi. Tanzania iliridhia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi huo mwaka 2011, hivyo milango ya utaratibu huo iko wazi kwa jamii zetu pia.

Sheria inasemaje

Wananchi na vikundi wanapaswa kufahamu kwamba kazi ya manju inaguswa na sheria zaidi ya moja. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 kwa ajili ya kukuza na kusimamia sanaa, na vikundi vya ngoma hutakiwa kujisajili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi za jamii, zikiwemo ngoma za asili. Anayetaka kuzitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya kimila anahitaji kibali cha BASATA, na jamii au eneo ambalo sanaa hiyo imetoka linapaswa kutajwa.

Hapa kuna tofauti ambayo vikundi vingi huisahau. Ngoma yenyewe, kwa mfano muheme, ni ya jamii, na hakuna mtu mmoja anayeweza kudai kuwa ni yake. Wimbo mpya alioutunga manju ni kazi yake kama ilivyo kwa mtunzi mwingine yeyote, na uimbaji wake unalindwa kama onesho la msanii. Video ya ngoma ikichukuliwa na kuuzwa au kutumika katika tangazo la biashara, manju na wachezaji wake wana haki ya kuuliza mapato yamekwenda wapi. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya Afisa Utamaduni wa halmashauri husika, ambaye anaweza kukielekeza kikundi kuhusu usajili BASATA na masuala ya hakimiliki COSOTA. Kikundi kinachohitaji mtaji wa vifaa au mavazi kinaweza kuulizia utaratibu wa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania kupitia ofisi hiyo hiyo.

Urithishaji wenyewe, hata hivyo, haungoji ofisi. Katika ukoo wa Zawose, binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, ambao kwa miaka mingi walikuwa waitikiaji nyuma ya wanaume, wamesimama mbele kama watunzi na waimbaji viongozi, na mwaka 2024 kikundi chao cha The Zawose Queens kilitoa albamu ya Maisha, wakiimba kwa Kigogo na Kiswahili. Hawakupewa wimbo wa kukariri. Walikaa karibu na mtunzi kwa muda wa kutosha hadi wakaweza kutunga.

Kwa vikundi, shule na familia zenye manju mzee, ipo kazi inayoweza kuanza hata kwa simu ya mkononi. Zipo picha nyingi za ngoma, lakini karibu zote zinawaonesha wachezaji. Kamera igeuzwe. Imwoneshe manju na mpigaji wa ngoma kuu katika fremu moja, kwa wimbo mzima bila kukata, ili anayejifunza baadaye aone ishara ilitolewa lini na mguu uliitikia lini. Baada ya hapo mzee aketishwe, aulizwe kila mstari una maana gani, ulitungwa mwaka gani na kwa sababu ipi, ni nani aliyemfundisha, na ni wapi katika wimbo huo yeye mwenyewe huruhusu kubadili maneno. Majibu yaandikwe katika lugha aliyoyatoa kwanza, kisha kwa Kiswahili, na nakala moja iachwe kwa familia yake na nyingine kwa Afisa Utamaduni.